Unga wa Mama wa Mashine

Sumbawanga kuna mashine nyingi za kusaga, lakini mtu akisema "Mama wa Mashine" hakuna anayeuliza mashine ipi. Ni ile iliyo upande wa kutokea mjini kwenda Kasense, yenye uwanja wa saruji mbele na mabati ya buluu yaliyopauka. Mimi ni fundi mizani. Kwa miaka mingi nilikwenda pale kila mwezi kukagua mizani, na kwa kuwa kazi hiyo ina kusubiri kwingi, nilipata nafasi ya kumtazama mwenyewe. Niliyoyaona nayaandika bila kuyatia chumvi, kwa sababu hata yeye alipenda mambo yaelezwe hivyo.

Jina lake nalijua. Hakupenda litumike kazini. Alikuwa akisema lile ni la nyumbani na msikitini, na kwamba mtu anayetaka kulalamikia unga asipate shida ya kukumbuka jina la mtu, amtafute mwenye mashine. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kutembea haraka. Juu ya dera lake alivaa sweta nene la kiume, la kijivu, msimu wa baridi na msimu wa joto, na mifuko ya sweta hilo ilikuwa daima na punje za mahindi.

Mji ulikuwa na swali moja juu yake: akiondoka, ile mashine itakuwa nini? Kaka yake, mwenye malori yanayokwenda Tunduma na Mpanda, alikuwa na jibu tayari. Mashine ilikuwa mali yao wawili, na yeye aliona jengo lile lingefaa zaidi kuwa ghala la mizigo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa usafiri, na kwake unga ulikuwa mzigo kama saruji au sabuni. Ukishapakiwa na kufungwa kamba, kazi imekwisha. Dada yake aliona kazi inaishia jikoni, mwiko unapotoka kwenye sufuria. Walibishana juu ya hilo kwa heshima, miaka nenda miaka rudi, wakinywa chai kutoka birika moja.

Mahindi aliyapima kwanza kwa meno. Kipima unyevu alikuwa nacho, kizuri, nami ndiye niliyekuwa nakikagua, lakini alikuwa hawezi kukiamini mpaka meno yake yakubaliane nacho. Mkulima akishusha magunia langoni, yeye huchomoa punje katikati ya gunia, si juu, huitia mdomoni, hung'ata, kisha husikiliza kana kwamba jino limempa habari.

Nakumbuka mzee mmoja kutoka Mwimbi, mcheshi, mwenye koti la mvua siku ya jua kali.

"Mama, haya mahindi nimeyaanika mpaka yamezeeka."

"Yamezeeka mdomoni mwako, baba. Kwenye meno yangu bado watoto."

"Meno yenyewe unayo mangapi?"

"Yaliyobaki yanatosha kukurudisha Mwimbi."

Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Lakini hakumrudisha Mwimbi. Alimpa nafasi kwenye uwanja wa saruji, akamwazima turubai na reki, na mzee yule akaanika mahindi yake pale mpaka yalipokauka. Wenye mashine wengine walimwona mjinga: kwa nini ukaushe mali ya mtu kwa uwanja wako? Hesabu yake ilikuwa hii. Mkulima ukimrudisha na mahindi mabichi atayauza kwa jirani, na mwaka ujao atakuletea mabichi tena, kwa kuwa hakuna alichojifunza isipokuwa kwamba wewe ni mgumu. Mkulima aliyeanika kwako, akaona kwa macho yake tofauti ya jana na leo, mwaka ujao atakuja na mahindi makavu. Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya misimu kadhaa, magunia ya kutoka vijiji vya Kate na Mwimbi yalikuwa yakipita langoni bila maneno mengi, kwa sababu kazi ya ubora ilikuwa imehamia huko huko mashambani.

Msemo wake mkubwa, ambao wafanyakazi walikuwa wakimwiga kwa sauti yake ya puani, ulikuwa huu: "Usiniletee jina la mtu. Niletee mahali."

Kiroba kikipasuka, unga ukitoka na pumba, uzito ukipungua, hakutaka kuambiwa ni fulani. Alitaka kuambiwa ni wapi: ni kwenye kukoboa, kwenye chekecheke, kwenye mdomo wa kiroba, kwenye sindano ya kushonea? Ukimletea jina, alisema, mtu ataficha kosa la kesho. Ukimletea mahali, mahali hapawezi kuficha kitu. Nimesoma vitabu kadhaa vya uendeshaji wa viwanda, vya kununua kwa wauza vitabu vya mitumba, na vingi vinatumia sura nzima kusema jambo hilo. Yeye sidhani kama alivisoma. Alihudhuria semina moja ya siku chache, akarudi na cheti, na mengine aliyapata kwa kuharibikiwa.

Lakini nisimpambe. Yeye mwenyewe msemo wake ulimshinda mara nyingi. Kosa likitokea, kitu cha kwanza kutoka kinywani mwake kilikuwa jina, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kisha hunyamaza, huondoka, huzunguka jengo, hurudi na kuuliza, kwa upole wa ajabu, "Ni wapi?" Siku ya pili yule aliyefokewa huletewa maandazi kutoka nyumbani kwa Mama. Hakuna aliyemsikia akiomba radhi kwa maneno. Msimamizi wake, Deo, Mfipa wa Kasense, mtulivu, mwana kwaya wa kanisani, alikuwa akisema mwili wake wote umejengwa kwa maandazi ya msamaha.

Palikuwa na sheria kwamba mfanyakazi yeyote, hata kibarua wa siku moja, akiona au kusikia jambo asilolielewa, asimamishe mashine. Siku moja nilikuwapo wakati mama mmoja kibarua, mshonaji wa viroba, alipoisimamisha. Alisema amesikia mlio wa chuma. Wakafungua, wakatafuta, hawakuona kitu. Wateja walikuwa wengi kwenye foleni. Wanaume wa upande wa kukoboa wakaanza.

"Labda ni bangili zako, dada."

"Au njaa. Tumbo nalo lina mlio."

Mama wa Mashine akafika. Akauliza kilichotokea, akaambiwa, akamgeukia yule mshonaji.

"Kesho ukisikia mlio kama huo, utasimamisha tena?"

Mama yule alitazama chini. "Sijui, Mama."

Akawageukia wanaume. "Mmemsikia? Mashine leo haikuharibika. Kilichoharibika mmekiharibu nyinyi, tena kwa kucheka. Haya, kitengenezeni."

Hawakujua la kufanya. Mwishowe mmoja wao, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko wote, alikwenda kwa yule mama akasema, "Dada, kesho ukisikia hata nzi, zima." Foleni nzima ikacheka, na safari hii mshonaji naye akacheka.

Na Mama wa Mashine huyohuyo, mkesha wa Idi wa mwaka uleule, alimkaripia Deo mbele ya watu kwa kusimamisha mashine kwa ajili ya mkanda uliokuwa unaanza kuchanika. "Leo, Deo? Leo ndiyo umepata macho?" Deo alifunga mkanda mpya. Aliletewa maandazi siku ya Idi yenyewe, pamoja na pilau.

Ukitaka kumwelewa ilikupasa pia uone nyumbani kwake. Huko hakukuwa na utaratibu hata wa kusingizia. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama miaka. Bati la jikoni lilivuja mahali palepale kila masika, na kila masika lilikingiwa sufuria ileile. Gari lake dogo la mizigo halikujua kubadilishwa oili mpaka lilipozima katikati ya barabara ya Kasense, na hata hapo alilaumu petroli. Daktari alimkataza sukari; aliiweka kwenye chai akitazama pembeni, kana kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine. Nilimwuliza mara moja kwa nini mtu anayejua kuuliza "ni wapi" haulizi juu ya bati lake.

"Bati langu linanilowesha mimi," alisema. "Unga wangu nani atakula, unamjua?"

"Simjui."

"Ndiyo maana."

Mchana, mashine ilipozimwa kwa ajili ya chakula, palipikwa ugali wa unga uliosagwa asubuhi hiyo, na watu wote wakaula: wafanyakazi, makuli, madereva, wakulima waliokuwa wakingoja, fundi mizani kama yupo. Yeye alikaa kwenye benchi pamoja nao na tonge lake la kwanza alilitafuna bila mboga. Kaka yake akifika saa hizo alipewa sahani hata kama ametoka kula. Alikuwa akilalamika kwamba dada yake anamtumia tumbo lake kama maabara. Ni desturi nzuri, na niliisifu kwa watu wengi. Sikuona, wala hakuna aliyeona, kwamba ilikuwa na tundu.

Sasa nifike kwenye mwaka wa unga uliorudi, kwa sababu bila huo picha hii haina uso.

Wakati huo mashine ilikuwa juu. Cheti cha semina kilikuwa ukutani kwenye fremu, nembo ya ubora ilikuwa kwenye kila kiroba, na shule kubwa ya bweni ilikuwa inachukua unga hapo tu. Ukiingia ofisini ungesema kila kitu kiko sawa. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali kama ilivyo kawaida ya huku juu, shule ikapiga simu: ugali ni mchungu, wanafunzi wameuacha. Si viroba vyote, ila vingi vya kutosha. Wakaurudisha mzigo. Lori lililourudisha lilikuwa la kaka yake, na habari zikatangulia mjini kabla ya lori.

Siku ile alifoka majina yote anayoyajua. Alizunguka jengo mara nyingi kuliko kawaida. Kisha akatuketisha, mimi nikiwemo, kwa kuwa alikwishaniita kuangalia kama kipima unyevu kinadanganya. Hakikudanganya. Mahindi yalipimwa kila alasiri na yalikuwa makavu. Meno yake nayo yalikubali. Ugali wa mchana haukuwa mchungu hata siku moja. Kila tulipogusa palikuwa sawa, na unga ulikuwa mbovu.

Asubuhi iliyofuata alitoka msikitini akaja moja kwa moja uwanjani, kabla jua halijapata nguvu. Deo na vibarua walikuwa wanafika, wamejifunga mablanketi mabegani, pumzi zao zikionekana. Mimi nilikuwa nimewahi kwa sababu ya mizani. Mahindi yalikuwa yamelala chini ya turubai, marundo yaliyofunikwa vizuri, kingo zimekandamizwa kwa mawe. Alipiga magoti kwenye saruji akaingiza mkono chini ya turubai. Alipoutoa ulikuwa umelowa kama mtu aliyenawa.

Tulilifunua turubai. Upande wake wa ndani ulikuwa unachuruzika maji, na tabaka la juu la mahindi lilikuwa limerowa na kuanza kutoa harufu ya uvundo.

"Nani amefunika hapa?" aliuliza.

Yule mama mshonaji wa viroba ndiye aliyejibu, polepole. "Mama, ulisema tusikuletee jina."

"Haya. Ni wapi?"

"Chini ya turubai," alisema Deo. "Tunayafunika yakiwa bado na moto wa jua, Mama. Jua la saa kumi. Halafu usiku baridi inakuja, yanatoka jasho. Asubuhi tunafunua, tunachanganya, juu na chini, jua linakausha. Ukipima alasiri ni makavu. Lakini yameshalala na maji."

"Na kwa nini yanafunikwa saa kumi?"

Mshonaji akatazama mikono yake. Deo alikohoa.

"Semeni."

"Ni amri, Mama."

"Amri ya nani?"

"Yako."

Ilikuwa yake kweli. Aliitoa ili umande na vumbi visiingie, na ili watu wawahi nyumbani kabla ya baridi. Mtu wa mahali penye usiku wa joto asingepata hasara hiyo. Ni huku kwetu tu, ambako jua la mchana linachoma na usiku unauma, turubai linaweza kugeuka kuwa wingu. Wote tumekua tukifunika mapema, nyumbani kwa mama zetu pia, tukidhani ndiyo bidii. Yeye aliichukua bidii hiyo akaifanya sheria, na sheria yake ilifuatwa vizuri mno.

Alibaki amepiga magoti. Kisha akasema, "Basi mahali ni mimi," akanyoosha mkono Deo amwinue.

Lile tundu la ugali tuliligundua siku hiyohiyo. Kiroba cha kupika kilikuwa daima kile cha kwanza cha asubuhi, na magunia ya kwanza yalikuwa daima yale yaliyolala ndani ya ghala, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na mashine. Ya uwanjani yalisagwa baadaye. Tulikuwa tunakula unga mzuri na kuwapa wateja mchanganyiko. Tangu siku hiyo mpishi aliruhusiwa kuchukua kiroba popote, bila kusema ni wapi, na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye.

Kaka yake alikuja mchana. Hakuketi.

"Sema mahindi ya mkulima yalikuwa mabaya," alimwambia. "Kila mtu anasema hivyo. Ni kweli nusu."

"Si kweli hata robo."

"Dada, ukienda shuleni ukasema ni sheria yako mwenyewe, kesho nani atakuja kusaga hapa? Tufunge. Jengo zuri hili. Mimi malori yangu yanalala nje."

"Nikidanganya, Deo atajua nimedanganya. Kisha ataanza kunificha. Nitakuwa na mashine gani hapo?"

Alikwenda shuleni kwa lile gari lake la kukohoa, akaeleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa, akaichoma shehena nzima ya unga uliorudi badala ya kuiuza kwa chakula cha kuku, kama alivyoshauriwa na wengi. Unga wenye kuvu una sumu, na kuku huliwa na watu. Alisema hivyo tu. Shule ilinunua kwingine msimu ule wote. Ulikuwa msimu mgumu, na kaka yake hakuacha kulitaja ghala lake.

Msimu uliofuata shule ilirudi. Wakaja pia wateja wapya, kituo cha afya na wenye maduka wa Mpanda, na walisema wazi wamekuja kwa sababu ya habari ya unga uliochomwa.

Nimejiuliza kama ubora ndio ulioinua mashine ile, au ni bahati. Mtu mwangalifu lazima aulize. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, na mahindi yalikuwa mengi kwa kila mtu. Lakini mvua ilinyesha kwa mashine zote, na baadhi ya zile zilizocheka uwanja wa kuanikia leo ni vibanda vya kuuzia vifaa vya pikipiki. Niliyoyaona kwa kazi yangu ni haya. Magunia ya kusaga upya yalipungua. Pumba ilitoka ikiwa pumba, haina unga ndani yake. Mashine iliharibika mara chache kwa kuwa ilizimwa ikiwa bado inanong'ona. Na watu walewale walibaki, mwaka hadi mwaka, mikono yao ikizidi kujua. Cheti kilikuwa ukutani kabla ya unga kurudi na kilikuwa ukutani baada yake, hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba tangu asubuhi ile ya turubai, kila mtu pale alijua kuwa hata sheria ya mwenye mashine inaweza kuulizwa "ni wapi", na kwamba atakayeuliza hatafukuzwa. Hiyo ndiyo faida niliyoiona, na iliingia kwenye unga.

Kisha magoti yakamshinda. Alianza kuja kwa fimbo, halafu siku moja moja, halafu akawa anasubiri habari nyumbani. Familia ikakaa. Kaka yake akasema sasa basi, wakati wa ghala umefika. Mama wa Mashine akaomba kitu kimoja: mashine aachiwe Rukia mpaka mavuno yajayo, kisha waamue. Rukia alikuwa binti wa huyo kaka mwenyewe, msichana aliyekuwa akishika ofisi pale tangu amalize chuo, mpole wa sauti, asiyependa kubishana. Kaka mtu alikubali kwa sababu alimjua binti yake. Alidhani hatafika hata masika.

Mara ya mwisho kukaa na Mama wa Mashine kwa muda mrefu ilikuwa masika hayohayo. Alinipigia simu asubuhi.

"Fundi, una gari?"

"Shikamoo, Mama. Ninalo."

"Marahaba. Njoo unipeleke kwa Rukia. Gari langu limegoma."

Njiani alinieleza. Kaka yake alikuwa amenunua mahindi upande wa Mwimbi, lori zima, yakanyeshewa njiani. Rukia ameyakataa langoni. Mvua ya sasa hairuhusu kuanika popote. Kaka yake amempigia yeye usiku, amelalamika, na yeye ameahidi kuzungumza na mtoto.

"Mzigo wenyewe si mbaya sana," aliniambia.

Nilimtazama. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia pale langoni kwa miaka, kutoka kwa kila mtu isipokuwa yeye.

"Usinitazame hivyo. Ni kaka yangu. Msimu ule wa unga uliorudi, mishahara ya kina Deo nani alinisaidia? Yeye. Na huku akitaka ghala."

Lori lilikuwa nje ya lango, turubai limelowa, dereva amelala ndani. Rukia alitoka na mwavuli, akamshika shangazi yake mkono mpaka ofisini, akampa kiti, akamwagizia chai. Akauliza hali ya magoti. Kisha akasikiliza. Mama wa Mashine alisema yote: kwamba ni damu moja, kwamba ni lori moja tu, kwamba yachanganywe kidogo kidogo na makavu, hakuna atakayejua. Aliyasema vizuri. Nilikuwa nimekaa pembeni nikitamani ningekuwa nje kwenye mvua.

"Shangazi," alisema Rukia, "hayaingii."

"Ni baba yako, Rukia."

"Najua. Jioni nitakwenda kumpigia magoti. Akitaka kunifukuza nyumbani anifukuze. Ila hayaingii."

"Na akisema mashine ifungwe? Msimu wako huu, unajua. Ana haki hiyo."

"Aifunge ikiwa na unga mzuri." "Nikiyapokea, Deo atayaona. Wote watayaona. Halafu kesho nitamwambia nini mkulima wa Kate?"

Mlangoni Deo alikuwa amesimama na watu wengine wawili, hawaondoki. Mama wa Mashine aliwatazama mmoja mmoja. Alijaribu mara moja tena, akiwa amekasirika sasa, akamwita Rukia mkaidi, akamwambia hakumlea hivyo. Rukia alimwongezea chai. Mwishowe shangazi mtu akachukua fimbo yake.

Tulirudi garini, tukaiacha barabara ya Kasense. Simu yake ikalia. Aliiweka sikioni, na sauti ya kaka yake niliisikia mpaka kwenye usukani.

"Nimeongea naye," alisema. "Amekataa... Hilo nimemwambia. Na hilo nimemwambia... Hapana, kaka, sikufanya mchezo, nimembembeleza kweli, fundi yupo hapa mwulize. Nimemtukana pia... Hawataki. Si yeye peke yake, wote. Walisimama mlangoni."

Mvua ilikuwa imezidi, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa ya kijani kibichi mpaka yanapokutana na mawingu.

"Wewe si ulikuwa unasubiri mimi niondoke ndipo uigeuze ghala?" alisema. "Mimi nimeshaondoka, kaka. Leo ndiyo nimejua. Haya, nenda kaigeuze, uone kama watakupisha mlangoni."

Akakata simu, akaiweka mapajani, akageuza uso wake dirishani. Alidhani simwoni. Nilikuwa namwona kwenye kioo, akicheka kimya kimya, mabega yakitikisika ndani ya lile sweta.